Kadi fupi kwa sanduku la lori

Fundi amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha kaka yake, futi ya mshonaji ikining'inia shingoni. Mbele yake kuna sanduku la chuma lenye rangi ya bluu iliyobabuka. Ndani, palipokuwa na spana na jeki, sasa pamejengwa kompyuta. Anapima, anapima tena, kisha anasonya.

"Kadi imeingia," anasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. "Waya ndio hauingii."

Kitandani, kaka yake amegeukia ukutani.

Mama huyu wa miaka thelathini na tisa, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, hutengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda kilicho nyuma ya stendi. Siku nzuri hubadilisha vioo vya simu sita. Siku mbaya huuza chaji mbili, akafunga mlango. Lakini kazi inayomnyima usingizi mwaka huu haina mteja. Anachotaka ni kumwona kaka yake akikaa tena kwenye kiti.

Kaka huyo aliendesha malori ya masafa marefu kwa zaidi ya miaka ishirini. Miaka mitatu iliyopita, kwenye mteremko, breki zilikataa na lori likapinduka. Dereva alitoka hai, miguu ikabaki bila kazi. Utingo wake wa safari zote, aliyeitwa Kijiko kwa sababu hakuondoka bila kijiko chake mfukoni, hakutoka.

Mwenye lori alileta nyumbani vitu vilivyopona. Kimojawapo kilikuwa sanduku la vifaa lililokuwa likifungwa chini ya tela. Katikati yake kuna ukuta wa bati ambao Kijiko aliuchomelea mwenyewe, ili birika lao la chai lisigongane na spana njiani. Weldi imepinda vibaya.

"Ukiiangalia utacheka," anasema Fundi. "Kijiko hakujua kuchomelea. Alikuwa na haraka ya chai tu."

Mwaka wa kwanza baada ya ajali, Dereva aliongea kwa nadra. Fundi akaanza kukusanya vipande kutoka kwenye kompyuta zilizokufa, hiki leo na kile kesho, akavifunga ndani ya sanduku hilo. Akatafuta usukani wa gemu uliotumika. Mafuta na breki akaviweka kwenye vitufe viwili nyuma ya usukani, ili kaka aviendeshe kwa vidole. Kisha akampakilia gemu la malori.

"Aliniuliza mzigo ni wa nini. Nikamwambia saruji. Akasema, basi tuondoke mapema," anakumbuka. "Nilikwenda jikoni nikalia peke yangu."

Mambo yakaenda hivyo hadi toleo jipya la gemu lilipokuja, zito kuliko kompyuta yenyewe. Picha ikawa inaganda, hasa kwenye miteremko. Dereva anabana breki, kioo kinasimama, na kinapoamka lori limeshavuka kona. Siku moja aliachia usukani.

"Mdogo wangu, niondolee hiki kitu."

Tangu hapo hajakaa kitini. Hata chakula kinarudi nusu sahani.

Kilichotakiwa kilikuwa kadi mpya ya picha, kile kipande kinachochora kila kinachoonekana kwenye kioo. Mtu akisikia hivyo anadhani ni kwenda dukani na kurudi. Kadi haichaguliwi kwa nguvu peke yake. Lazima ielewane na bodi kuu ya kompyuta, lazima pawa saplai, inayogawa umeme humo ndani, iweze kuilisha, na lazima ienee ndani ya sanduku. Muuza vipuri alimwonyesha kadi moja kubwa ya feni tatu, nguvu tele. Ingehitaji pawa saplai nyingine, na ingegonga ukuta wa Kijiko.

"Kata hilo bati," muuza vipuri akamshauri. "Au nunua sanduku la maana, dada. Hilo ni la jeki."

Jioni ile Fundi alimweleza kaka yake. Jibu lake bado linamchoma.

"Kata miguu yangu, maana haina kazi. Bati la Kijiko liache."

Ndipo ikaanza safari ya kutafuta kadi fupi. Zile ndogo kabisa, zisizotaka waya wao wa umeme, alizijaribu akaona hazifui dafu. Akazunguka duka kwa duka na futi yake, hadi muuza vipuri mmoja akamuuliza kama ananunua kadi au anashona suruali. Mwishowe akaipata: ya feni moja, nguvu ya kutosha, ulaji wa umeme wa wastani. Ilimeza mapato yake ya karibu miezi miwili.

Na sasa imegoma. Tundu la waya liko mkiani mwa kadi, na kati ya mkia huo na ukuta wa bati hata kidole hakipiti.

"Nimepima kadi, nikasahau kwamba nayo inakula," anasema, akijaribu kucheka. Anashindwa. "Kaka, nimekwama."

Kitanda kinalia. Dereva amegeuka.

"Lete nione."

Fundi ananyanyua sanduku, analiweka kando ya mapaja yake. Dereva anapitisha kidole juu ya weldi iliyopinda, taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Kila gari jipya tulilopewa, Kijiko alilitoboa," anasema hatimaye. "Apitishe waya wa redio. Tajiri anafoka, yeye anacheka. Lete drili."

"Ngoja nitoe bodi kwanza. Vumbi la chuma litaiua."

Fundi anatoa kila kitu, anashikilia sanduku kwa mikono miwili. Dereva anatoboa ukuta wa bati mwenyewe, chini kabisa, mkabala na tundu la kadi, mbali na weldi ya rafiki yake. Analainisha kingo kwa tupa. Fundi anavisha tundu mpira, anarudisha bodi na kadi, anapitisha waya. Unaingia.

Kisha anamsaidia kaka yake kuhamia kitini.

Lori linanguruma kwenye spika ndogo. Barabara inapita bila kuganda, miti, vibao, daraja. Kunapotokea mteremko, Dereva anabana breki na lori linatii, linasimama pembeni. Hasogei tena. Machozi yanamtiririka wala hayafuti.

Fundi anasema matumaini yake si makubwa. Anataka mwezi ujao kaka yake aje kibandani wabadilishe vioo pamoja. "Mikono yake mizima," anasema. "Akitoka nje ya mlango huu siku moja, kesho yake atatoka tena."

Dereva bado anatazama mteremko.

"Siwezi kuingia bila utingo," anasema. "Kijiko ndiye aliyekuwa ananitazamia upande wake. Vuta kiti, mdogo wangu. Kaa kushoto."

Fundi anavuta kiti, anakaa.

"Kushoto?" anauliza Dereva.

Dada yake anainama, anachungulia kona ya kioo.

"Kushoto kweupe, kaka. Twende."