Bibi aliyebishana na sauti ya kwenye laptop

Wakuu, salamu zenu humu ndani. Leo nimekuja na langu, na sitii chumvi. Nikizidisha mwanafunzi wangu atanisuta, maana siku hizi naye anajifunza Kiswahili, anapita humu kimyakimya.

Mimi ni mwalimu wa historia, skuli ya wasichana hapa Ibra, Oman. Wazee wangu ni wa Unguja, mimi nimezaliwa Maskati, kwa hivyo Kiswahili changu ndo hiki mnachokiona. Msinicheke.

Muhula huu nilichoka kuona wasichana wanakariri kitabu tu. Nikaingia kwenye archive moja ya mtandaoni, imejaa picha na sauti za zamani. Nikapata recording ya mwanamke wa Unguja anaeleza usichana wake. Primary source safi kabisa.

Tatizo, darasa zima hakuna anayefahamu Kiswahili, na mimi mwenyewe maneno mengine yalinipita. Nikawauliza kama yupo mtu mzima wa kunisaidia kutafsiri.

Mwisho wa kipindi mmoja wao, Ruqaya, akanifuata. "Ustadha, bibi yangu kazaliwa Unguja. Lakini hazungumzi tena. Baba anasema akili zimeshamtoka."

Alisema huku anatazama viatu vyake. Wallahi iliniuma.

Ijumaa baada ya Asri nikaenda kwao. Babake, mtu mpole sana, akanikaribisha kwa kahawa na halwa, akanieleza kwa Kiarabu. Tangu dada wa mama yake afariki, mama kaanza kunyamaza. Ukimsemesha anatikisa kichwa tu. Siku chache mbele anampeleka Maskati kwa daktari wa kichwa.

"Usijichoshe bure, ustadha," akaniambia.

Na yote hayo kayasema mama mwenyewe kakaa hapo hapo, kama hayupo. Lilinikera hilo, lakini ugenini unameza.

Nikamsogelea huyo bibi, Bi Zuwena jina lake. "Shikamoo bibi."

Akaniangalia weee. "Marahaba," kwa sauti ndogo. Ruqaya akanibana mkono.

Nikafungua laptop, sauti ikaanza. Yule mwanamke anasema wao watoto wa kike wa mjini, ukishakuwa mwari hutoki nje, hata sinema walikuwa wakihadithiwa na kaka zao tu.

Bi Zuwena akakunja uso. "Muongo huyo."

Nikasimamisha haraka.

"Nani hatoki? Labda kwao. Sisi sinema ilikuwapo siku ya wanawake peke yao. Tunavaa mabuibui yetu, tunakwenda kundi zima, mimi na dada yangu mbele. Tunalia humo mpaka ushungi unarowa. Hebu mrudishe nyuma huyo, nimsikie tena."

Nikamrudisha. Akambishia tena. Kwenye mapishi alimkubalia, kwenye mavazi akamkatalia katakata. Ruqaya anarekodi kwa simu yake, mimi naandika mpaka vidole vinauma, huku nacheka.

Babake Ruqaya alikuwa kasimama mlangoni na birika la kahawa mkononi, hamimini. Kiswahili anakisikia nusu nusu. Akaniuliza mama anasema nini.

Nikamwambia anasema alikuwa akienda sinema.

"Mama yangu mimi? Sinema?" Akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Akakaa chini mbele yake, akamuuliza kwa Kiarabu, "Mama, mbona siku zote hukutuambia?"

Bi Zuwena akamjibu kwa Kiswahili, taratibu. "Niliyekuwa nikisema naye kafa. Kiarabu ninacho cha sokoni na cha sala, cha kuhadithia sina. Nyinyi nikisema hamjibu. Nikachoka kusema peke yangu."

Ilibidi nimtafsirie mimi, na sikutamani kazi hiyo. Babake akainamisha kichwa, akambusu mama yake mkono.

Darasani nikawapigia zote mbili, recording ya archive na ile ya Bi Zuwena, huku nawatafsiria. Wasichana wakagawana pande, kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Wanataka niwaambie nani mkweli. Nikawaambia andikeni kila mmoja kakulia nyumba gani na nani alimruhusu kutoka, halafu tuzungumze. Sijapata kipindi kitamu kama kile.

Maskati walikwenda. Daktari kakuta presha tu, kampa dawa.

Juzi Ruqaya kaniletea recording mpya kwenye simu yake. Bi Zuwena anahadithia harusi ya dada yake. Kila akinyamaza, inasikika sauti nzito ya mwanamme, Kiswahili cha kubabaisha, neno moja tu: "Halafu?" Na bibi anaendelea.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba tunahangaika kutafuta historia mtandaoni, na nzuri tu, lakini nyengine imekaa sebuleni inasubiri kuulizwa. Wa kwenu aliyenyamaza ni nani? Nielezeni hapa chini. Ila kama bado yuko hai, uzi huu hauendi popote. Anza kwake.