Mshono wa Nyuma Ndefu

Mdogo wangu alipochumbiwa, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumkumbatia, na cha pili ni kuwatangazia watu wote waliokuwa uani kwamba safari hii bibi yetu ataingia ukumbini na sare, mbele ya kila mtu, akicheza. Bibi alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Hata kichwa hakuinua.

"Mimi mtanikuta jikoni," akasema, "kama siku zote. Pilau haijipiki."

Bibi yangu, mama yake mama, mgongo wake umepinda. Umepinda tangu nilipopata akili za kumtambua, na wala haumuumi, au husema haumuumi. Nyumbani huvaa dera, na dera halina neno, linamkubali kila mtu. Tatizo ni sare. Kwetu Ujiji wanawake wa upande wa bibi harusi huchagua kitenge kimoja, kila mmoja akashonewa, kisha siku ya shughuli wakaingia ukumbini kwa safu wakicheza huku upande wa pili ukiwakagua kuanzia kilemba hadi viatu. Sare hizo hukatwa kwa pamoja, na hukatwa kwa miili iliyonyooka. Gauni la bibi lilikuwa likikatwa hivyo hivyo, halafu likarekebishwa: mbele linaburuza, linapandishwa pindo, nyuma limeruka juu, linaungwa kipande. Akilivaa unaona kabisa mahali palipoungwa. Basi harusi baada ya harusi alikuwa analivaa kwa ajili ya picha tu, akajifunga khanga juu yake, akarudi kwenye masufuria. Watu wakasema bibi anapenda jikoni. Mimi niliwahi kumwona amesimama mlangoni, ngoma imekolea, mwiko mkononi, na mguu mmoja unacheza peke yake.

Mtu ataniuliza, mama yako si fundi cherehani? Ni fundi, tena mzuri. Lakini msimu wa harusi cherehani yake hailali, wateja wanamsimamia kichwani, na nguo ya mama yake mzazi ndiyo inayosubiri hadi mwisho, kwa kuwa mama mzazi hagombi.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Naifanyia nyumbani, kwenye chumba kinachotazama ua, umeme ukiwepo. Mtaani wananiita fundi simu na nimechoka kuwasahihisha. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kazi yangu ni ipi. Nikamwahidi mama kwamba nitaandika programu ya kupokea vipimo vya mtu na kuchora karatasi za kukatia nguo yake, tuzichape steshenari ya Mwanga, tuziunge kwa gundi, yeye aweke juu ya kitenge na kupitisha mkasi. Mama akasema sawa, kwa sauti ile ya kumruhusu mtoto acheze na unga.

Katika lugha ninayoandikia kuna kitu kinaitwa klasi. Klasi ni maelezo ya aina fulani ya kitu. Klasi ya gauni inasema gauni lina bega, kiuno, mkono na urefu, na namna hayo yanavyoungana, lakini yenyewe si gauni la mtu. Ukiipa vipimo vya fulani, ndipo inatoa gauni la fulani. Nilipomweleza mama hakushangaa hata kidogo. Akasema hiyo si mshono tu? Mshono haufuliwi wala haupigwi pasi, na kila mteja anajua kuutaja. Nikasema ndiyo, ni hiyo hiyo, tuendelee.

Nilianza na mshono mmoja. Kisha mashangazi wakaanza kufika. Huyu anataka mikono mirefu, yule anataka kubana kiunoni na kuachia chini, binamu ni mjamzito anataka kuanzia chini ya kifua. Kitenge kimoja, sawa, lakini mshono ni uhuru wa mtu. Kila ombi nikaliongezea mistari: kama ni mikono mirefu chora hivi, kama ni la kubana chora vile, la sivyo, la sivyo, la sivyo. Programu ikawa imejaa "kama" hadi nikawa naiogopa mwenyewe. Shangazi wa mwisho aliponiita dirishani kuuliza kama anaweza kubadili, nilimjibu vibaya, na ikabidi nimpelekee samaki, migebuka ya kukaanga, ili yaishe.

Nilipokuwa nangoja ile migebuka iive ndipo nikaona ninavyojitesa bure. Katika lugha ile klasi yenyewe ni kitu unachoweza kukishika, sawasawa na namba au neno. Unaweza kuipa jina, kuihifadhi, kuikabidhi kwa sehemu nyingine ya programu ikaitumie. Kwa nini basi nilikuwa nakabidhi neno "mikono mirefu" halafu nahangaika kulitafsiri, wakati ningeweza kukabidhi mshono wenyewe? Nikafuta kila kitu. Nikaandika sehemu moja fupi, nikaiita Chora. Chora haijui gauni wala sketi. Unaikabidhi mshono, ambao bado haujawa nguo ya mtu yeyote, na vipimo pembeni, nayo inauambia mshono: haya, jitengeneze kwa vipimo hivi. Akija shangazi na ombi jipya, naandika klasi yake tu, Chora siigusi. Nilifurahi mpaka nikatoka mbio uani kumweleza mama.

"Hongera," akasema mama. "Sasa menya vitunguu."

Karatasi za kwanza nilizileta kutoka Mwanga kwa bajaji nikiwa nimezikumbatia upepo usizipeperushe. Tukaziunga juu ya mkeka, mashangazi wamezunguka. Shangazi mkubwa, ambaye Mungu hakumnyima mwili, akaichukua ya kwake, ile ya kubana kiunoni, akajiwekea kifuani. Ikamfunika nusu.

"Hili la mtoto wa nani?" akauliza.

Akachukua ya mdogo wake. Sawa na ile. Ya mwingine. Sawa na ile. Wote waliochagua mshono wa kubana walikuwa wamechorewa kiuno cha mdogo wangu, bibi harusi, ambaye kiuno chake hata yeye mwenyewe hamalizi kukisifu. Mama alicheka hadi akaegemea cherehani. Mashangazi wakaanza kupitishiana karatasi na kupozi nazo, na mmoja akaapa atafunga kula mpaka siku ya harusi.

Kosa nililiona nikiwa bado nacheka. Wakati wa kujaribu nilitumia vipimo vya mdogo wangu, na pale pa kuhifadhi mshono wa kubana nikawa nimehifadhi gauni lake, lililokwisha kutengenezwa. Na Chora nilikuwa nimeifundisha kwamba ikipewa kitu kilichokwisha kutengenezwa isikibishie, ikichore tu. Gauni lililokwisha kushonwa halimuulizi mtu kipimo. Nikalitoa, nikaurudisha mshono mahali pake, na kila shangazi akapata kiuno alichojaliwa.

Jioni ile bibi alinifuata chumbani na kikombe cha chai ya tangawizi. Kicheko cha uani kilikuwa kimemvuta. Akaketi kitandani, akaitazama kompyuta.

"Nionyeshe watu wako wapi humo."

Nikamwonyesha: jina la shangazi, mshono wake, vipimo vyake. Jina la binamu, mshono wake, vipimo vyake.

"Na mimi?"

Nikateremka, nikateremka, mpaka mwisho kabisa. "Uko hapa, bibi."

"Mbona nimekaa huku chini peke yangu?"

Nikamweleza nilichofanya, na kadiri nilivyoeleza nikawa nasikia ninachosema. Bibi anachorewa gauni kama la wengine. Wote wakishamalizika, kuna mstari unaosema: kama ni bibi, punguza mbele, unga kipande nyuma.

"Ego," akasema taratibu, ndiyo ya Kiha. "Hata humo ndani narekebishwa."

Alisema akicheka, akanipapasa kichwa, akatoka na kikombe chake. Mimi nililia. Kisha hasira ikanipanda, na hasira yangu ni nzuri kwa kazi. Mstari ule nikaufuta. Mwili wa bibi haukuwa mwili wa mtu mwingine ulioharibika. Kama binamu kwa tumbo la miezi michache alistahili klasi yake, bibi alistahili ya kwake kwa mgongo wa maisha yote.

Asubuhi nikamwita na futi kamba. Nilipomgusa bega tu, akavuta pumzi na kujikaza anyooke. Ndipo nikakumbuka kwamba kila fundi niliyewahi kumwona akimpima, mama akiwemo, alimwambia anyooke kidogo. Walikuwa wanampima mtu ambaye hayupo.

"Usinyooke, bibi."

"Nitapimwaje nimeinama?"

"Unavyotembea. Unavyocheza."

"Nani kakwambia nacheza?"

"Mguu wako."

Akanipiga kofi la begani, lakini akalegeza mwili. Nikampima kutoka shingoni, juu ya nundu, hadi kisiginoni. Nikampima kutoka begani hadi chini kwa mbele. Nyuma ilikuwa ndefu kuliko mbele kwa kiasi ambacho sikukitarajia. Nikaandika klasi inayoanzia mgongoni, mambo mengine yote yakifuata mgongo. Nikamwambia naiita Gauni la Bibi, akakataa. Akasema bibi ni yeye, gauni litafutiwe jina lake, kwani wale wengine wana mishono yenye majina ya watu? Akaiita Nyuma Ndefu.

Nikaikabidhi Nyuma Ndefu kwa Chora kama nilivyokabidhi mingine yote. Sikubadilisha hata herufi moja ndani ya Chora. Ikaipokea, ikachukua vipimo, ikachora.

Shida ikawa kwa mama. Alitandaza karatasi za bibi juu ya kitenge, akasimama na mkasi bila kukata. Kwa jicho la fundi, vipande vile vilionekana kama vya nguo mbili tofauti. Na kitenge kile kilikuwa cha mwisho. Kilitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, kikashukia bandari ya Kibirizi, na mwenye duka alikuwa ameshatuambia rangi ile imekwisha.

"Nikikata hivi na ukawa umekosea," mama akasema, "mama yangu anaingia harusini bila sare."

"Ukikata ulivyozoea ataingia jikoni."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Mama akanyoosha kitenge kwa kiganja. Kisha akasema bismillahi, mkasi ukaingia.

Tulimvika bibi siku mbili kabla ya shughuli, mbele ya kioo cha kabati. Mama akapiga magoti kuangalia pindo. Akazunguka mbele, akazunguka nyuma, akainamisha uso hadi sakafuni. Pindo lilikuwa sawa kote. Kola ilikaa shingoni bila kuvutwa, na hapakuwa na kipande kilichoungwa popote. Bibi alijigeuza upande, akajigeuza upande wa pili, akapitisha mkono mgongoni kutafuta mshono wa kiraka, hakuupata.

"Nyie," akasema hatimaye, bado anajitazama, "pilau mmempa nani apike?"

Mama akakaa chini pale pale sakafuni akaanza kulia, nami nikapiga kigelegele kilichowaleta majirani.

Bibi aliingia ukumbini katikati ya safu. Kule kuinama kwake, ambako nimekuona maisha yangu yote, kwenye ngoma kulimfaa: mabega yalitangulia, miguu ikafuata, na nyuma kitenge kikapanda na kushuka naye. Upande wa bwana harusi wakasimama kumtunza. Mdogo wangu, ambaye alikuwa ameagizwa kukaa na haya kama bibi harusi, alishuka jukwaani akacheza naye. Bibi hakwenda jikoni hata kuchungulia.

Katikati ya furaha ile mkono ukanishika gauni. Alikuwa mama mmoja mzee wa upande wa bwana harusi, ametoka Ilagala, ameegemea mkongojo, na mgongo wake naye umepinda. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwa bibi.

"Mwanangu, la yule mama limekatwaje?"

Futi kamba mama hutembea nayo hata misibani. Tulimpima pale pale nyuma ya ukumbi, kama alivyosimama, na wiki iliyofuata nikakaa kwenye kompyuta. Sikuwa na jipya la kuandika. Nikaikabidhi Chora Nyuma Ndefu pamoja na vipimo vya yule mama, gauni la pili la aina ile likatoka.

Bibi alikuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"La nani hilo?"

"La yule mama wa Ilagala."

Akayatazama yale mawili kwenye kioo cha kompyuta, la kwake na la mwenzake. Akavuta kiti karibu.

"Mgongo wake umepinda kunizidi?"

Nikaangalia vipimo. "Hapana, bibi. Wewe umemzidi."

"Nilijua," akasema, na akaenda kuwaambia waliokuwa uani.