Filta ya Pikapu ya Mama

Mtu akikuambia kwamba filta ya oili ikigoma dawa yake ni bisibisi na nyundo, mfukuze. Mimi si fundi, nauza vitenge hapa Gongoni, Tabora, lakini somo hilo nimelipata kwa machozi, tena siku ya kumzika mama yangu.

Mama aliitwa Apolinaria. Alikuwa mkulima wa mpunga na mfuga nyuki wa Bukene, na mimi, Koleta, ndiye mtoto wake wa pekee. Baba alipofariki, mashemeji walimshauri auze pikapu, eti mjane atafanya nini na gari. Mama akajifunza kuendesha. Ana miaka hamsini na miwili, jamani! Alijifunzia kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka, akaangusha ua wa jirani mara mbili, akaujenga mwenyewe mara mbili. Kwa miaka kumi na mmoja pikapu ile ilibeba asali, mpunga, maharusi na wajawazito wa kijiji kizima. Alipougua hakumsubiri mtu. Aliwasha gari akaja mwenyewe mpaka kwangu Tabora, saa tatu za barabara ya Mambali, homa ikimtetemesha. Wiki ya tatu akafariki. Kitandani alirudia neno moja tu: "Mnirudishe nyumbani kwa gari langu."

Sasa sikilizeni. Misa ilikuwa saa moja asubuhi, jeneza likarudi sebuleni kwangu, tuondoke saa nne. Bukene kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Mjomba Jilala, kaka yake mama, alikuwa ananipigia simu kila nusu saa. Nikajiambia gari limelala wiki tatu, safari ya maiti si ya kubahatisha, nikamwita fundi wangu Nestory aje abadilishe oili.

"Dakika ishirini tu, dada," akasema.

Oili aliimwaga vizuri, sitamsingizia. Filta ndiyo ikagoma. Akaishika kwa mkono, wapi! Akaizungushia mkanda, mkanda ukateleza. Akaleta mnyororo, filta ikabonyea tu. Hapo mtu mwenye akili angesimama akajiuliza kuna nini. Yeye akachukua bisibisi ndefu, akaipigilia kwa nyundo ikatokea upande wa pili, akaikamata kwa mikono miwili akavuta. Bati likachanika. Mabaki ya oili yakamwagika uani kwangu, mbele ya wageni wa msiba, na filta haikusogea hata kidogo.

"Dada, hii ilikazwa na mtu asiyejua kazi," akasema huku anajifuta jasho.

"Na wewe unayejua umefanya nini hapo?" nikamwuliza. "Gari litawaka hili?"

"Likiwaka litatapika oili yote, dada."

Ala! Nilipandwa na hasira mpaka macho yakaona giza. Nikamlaani aliyeifunga ile filta. Nikasema kwa sauti, waombolezaji wote wakisikia, kwamba mpumbavu aliyefanya kazi ile Mungu amwonyeshe, mikono yake isishike kitu tena. Wazee wakaniambia taratibu, Koleta, ndani kuna maiti. Sikunyamaza. Mlango wa sebule ulikuwa wazi.

Mashemeji wale wa mama wakaja na lao: tukodi gari jingine, jambo dogo tu. Jambo dogo! Watu walewale ambao hawajawahi kumbeba mama hata kwenye baiskeli, leo ndio wa kuniambia wosia wake ni jambo dogo. Nikawaambia anayetaka gari la kukodi apande yeye. Jirani mmoja akaniokoa. Alimpigia mzee Eustace wa mtaa wa Ng'ambo, mstaafu wa karakana ya reli, na saa tano mzee akashuka kwenye bodaboda na mfuko wa turubai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba."

Hakulikimbilia gari. Aliingia kwanza sebuleni, akavua kofia, akasimama kidogo mbele ya jeneza, ndipo akatoka kulala chini ya pikapu. Alikata mabaki ya bati kwa mkasi, ikabaki sahani ya chini imeng'ang'ania injini. Akaikwangua ukingoni kwa ukucha. Akanusa kidole, akanusa tena.

"Hii haikukazwa na mtu," akasema. "Imegandishwa. Nani kapaka gundi ya nyuki hapa?"

Kwetu nani asiyeijua gundi ya nyuki? Ni ule utomvu mweusi ambao nyuki hutumia kufunika nyufa za mzinga. Ukipata moto unalegea, ukipoa unakuwa jiwe. Nyumbani ndoo ikitoboka, dawa ni hiyo. Bomba likivuja, ni hiyo. Mama alikuwa na kopo lake zima nyuma ya mlango wa jikoni.

Nikakaa pale pale chini kwenye oili na kitenge changu cha msiba. Tangu asubuhi nilikuwa namlaani mama yangu, na yeye amelala hatua kumi kutoka pale.

Mzee Eustace alikuwa anamsema Nestory bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Ungeanza kwa kuwasha injini dakika kumi tu, gundi ingelegea, ungeifungua kwa mkono na kipande cha msasa ili usiteleze. Sasa umeitoboa, hatuwezi kuwasha. Moto itabidi tuulete sisi."

Akaomba matambara na maji ya moto. Maji yalikuwepo, masufuria mawili makubwa ya chai ya msiba. Wanawake wakawa wanachovya, yeye anazungushia pale kwenye sahani, likipoa anatoa, anaweka jingine. Nusu saa nzima. Mjomba Jilala anapiga simu, sipokei, nitamwambia nini? Kisha mzee akatoa mfukoni chuma bapa chenye vijino viwili, alichojitengenezea mwenyewe zamani kule karakana. Akaviingiza vijino kwenye matundu ya sahani, akabonyeza, akazungusha polepole. Ikalia kidogo, ikaja.

Nilidhani yameisha, kumbe bado. Alishika tochi akamulika injini, akabandua kitu kwa bisibisi ndogo, akaniletea kiganjani. Mipira miwili ya duara, ile ya kuzuia oili isivuje, imebanana.

"Filta moja, mpira mmoja," akasema. "Fundi aliyefunga mara ya mwisho aliuacha mpira wa zamani kwenye injini, akaweka filta mpya juu yake. Hapo lazima ivuje. Mwenye gari akahangaika na alichokuwa nacho."

Mara ya mwisho ilikuwa Krismasi, mama alipokuja kunisalimia. Gari nilimpelekea nani? Nestory! Nikamgeukia. Yale niliyomwambia siyaandiki hapa, lakini Gongoni nzima inayajua, na siombi radhi kwa hata neno moja.

Mzee Eustace alipangusa injini mpaka ikang'aa. Akaupaka mpira wa filta mpya oili kwa kidole, akaizungusha kwa mkono hadi mpira ukagusa, akaongeza robo tatu ya mzunguko. Nestory akasogea na mnyororo wake amsaidie kukaza. Mzee akampiga kofi mkononi. "Mkono unatosha. Ndiyo maana baadaye filta zinawashinda kufungua."

Oili mpya ikajazwa, injini ikawaka, mzee akainama na tochi muda mrefu, hakuna hata tone. Alipokuwa ananawa akaniuliza, bila ubaya wowote, "Miezi yote hii gari linamvujia, mama hakuwa na mtu wa kumwambia?"

Nikamjibu, "Tumechelewa, mzee, tuondoke."

Tuliondoka saa saba kasoro, mimi mbele, mama nyuma kwenye gari lake. Barabara ya Mambali sikuiona. Tulifika Bukene saa kumi, jua bado lipo, watu wamejaa uwanja mzima, na wajawazito wale aliowabeba wamekuja na watoto wao. Nilishukuru Mungu kwa hilo.

Baada ya sala, mwalimu wa kanisa aliniita nisome wasifu wa marehemu. Nilikuwa nimeuandika mwenyewe. Nikasoma alipozaliwa, ndoa yake, mizinga yake, namna alivyojifunza gari, watu wakacheka kidogo na kulia. Nikafika mstari wa mwisho: "Ametunzwa vizuri na binti yake mpaka siku ya mwisho."

Haukutoka. Nilijaribu mara mbili.

Basi nikawaambia ukweli, na mikono yangu ina weusi wa oili. Kwamba tangu Januari mama alinipigia mara tatu. Gari linavuja, mwanangu, njoo na fundi wako. Mara ya kwanza nikamwambia subiri Pasaka. Mara ya pili nikamwambia nina wateja. Mara ya tatu nilimkaripia. Nilimkaripia mama yangu! Nilisema, "Mama, mimi si fundi, pakaza chochote ulicho nacho."

Akapakaza alichokuwa nacho. Na kwa gari hilo akaja kwangu, akiwa na homa, peke yake, bila kunipigia simu ya nne.

Mjomba Jilala aliichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akanipa udongo niutupe kaburini.