Mlango Uliotazama Meza

Fundi aliniambia. Siwezi kusema sikuambiwa. Alisimama katikati ya msingi na tepu yake ya kupimia, akatazama mahali nilipotaka choo kiwe, akakuna kichwa. "Mama, hii choo itaangalia meza. Mzee akikuja hapa ataenda aje?" Nikamjibu kwamba wazee wangu wana nyumba zao, yeye ashike kazi yake. Nilikuwa nimeona nyumba ya namna hiyo kwenye simu: jiko, meza ya chakula na sebule, vyote pamoja bila ukuta, mwanga ukipita kutoka dirisha hadi dirisha. Mimi nililelewa Kerugoya, na jiko letu lilikuwa kibanda cha mbao kilichojaa moshi, mbali na nyumba kubwa. Nilikuwa nimeapa sitapika tena peke yangu kama mtu aliyefungiwa. Majirani walikuja kuiona nyumba yangu wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa, nami nikavimba kichwa, wacha nisiseme uongo.

Vyoo vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa ndani ya chumba tunacholala mimi na mume wangu. Cha pili, cha wageni, kilifungukia sebuleni, hatua nne kutoka mahali cherehani yangu hukaa, maana mimi hushona sare za shule nyumbani.

Mwezi wa saba, mwaka wa pili tangu tuhamie, baba mkwe wangu alifanyiwa upasuaji wa tezi dume hapa Nyeri. Kwake ni Murang'a, juu kwenye miteremko ya majani chai, na hospitali iko mbali, kwa hivyo tukakubaliana akae kwetu mpaka apone. Siku alipotolewa mpira wa mkojo, daktari alituita mimi na mume wangu kando. Mzee anywe maji, akasema, lita tatu kila siku, na aende choo kila anapohisi. Akijikausha au akijizuia, damu itaganda, mkojo utaziba, na itabidi akatwe tena. "Na kwa umri wake…" akasema, akaachia hapo. Mume wangu anafanya kazi mjini Kenol na hurudi Jumamosi tu. Akanigeukia. Nikasema, "Nitamwangalia."

Nikamwangalia kweli. Kila saa nilimwekea kitu kando ya kiti chake: chai, uji wa wimbi, maji ya vuguvugu. Sikutoka hata kwenda sokoni, nilimtuma jirani. Mimi kwenye cherehani, yeye kwenye kiti, televisheni ikiongea peke yake.

"Baba, umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Na kule, umeenda?"

Swali hilo hakulijibu hata mara moja. Alikohoa tu, akageuza uso.

Jumatano nikasikia harufu. Kwenye kona, nyuma ya kiti chake, nina chungu cha maua ya plastiki ambayo nayapangusa kila Jumapili. Nikayainua. Haiya! Chai ya maziwa iliyochacha, uji, maji, chungu kimejaa hadi nusu. Siku tatu nzima mzee alikuwa akiyanywesha maua ya plastiki.

Hasira zangu ziko karibu, hata mama yangu aliniambia. Nilirudi mbele yake na yale maua yakidondosha uji sakafuni. "Baba, unataka watu waseme nimekuua?"

Nilisema hivyo, kwa sauti, kwa mzee wa zaidi ya miaka sabini. Akatazama viatu vyake. "Nirudishe kwangu," akasema.

"Daktari amekataa."

"Kwangu niko na choo."

"Na hapa viko viwili!"

Jioni mume wangu akanipigia simu. Mzee alikuwa amemwomba gari. "Umemfanyia nini babangu?" akaniuliza. Si "mko aje", si "mzee ameshindaje". Nikamweleza habari ya chungu, naye akasema nimtafutie basi ndoo ya chumbani. Nilipompelekea mzee ile ndoo, aliitazama kisha akanitazama. "Na nani atamwaga?" Nikairudisha stoo. Usiku huo nililia kwa uchungu, nikiosha sufuria kwa kishindo ili asikie.

Alhamisi asubuhi aliamka uso umepauka. Kulikuwa na baridi ile ya Julai, ya kuvaa makoti mawili, na yeye anatoka jasho. Mkono mmoja ulikuwa tumboni, chini, na hakuutoa. Nikamwambia kama hali haitabadilika kufikia saa sita tunarudi hospitali, apende asipende. Akatikisa kichwa polepole. Nilijua anachokiogopa, kwa sababu hata mimi nilikiogopa.

Manyunyu yakaanza, nikakimbia kuanua nguo. Nikiwa pale kwenye kamba nilimwona kupitia dirishani. Aliinuka haraka, kwa haraka ambayo sikudhani anayo, akishikilia ukuta, mpaka kwenye mlango wa choo. Akashika kitasa. Nami nikafungua mlango wa nyuma. Akaachilia kitasa kama mtu aliyeshikwa akiiba, akarudi kitini, akakaa.

Nikasimama na nguo mikononi. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa umbali. Mimi sikai kwenye kiti chake. Yeye chumba cha mwanawe hakikanyagi, hata nyumba ikiungua. Na mimi nilimjengea choo kimoja ndani ya chumba hicho hicho, na kingine mbele ya macho yangu, nikakaa pale kuanzia asubuhi hadi usiku nikisikiliza na kumuuliza kama ameenda. Kadiri nilivyomtunza ndivyo nilivyomfungia mlango. Kwake alijenga jiko huku na choo kule nyuma ya migomba, na miaka yote nilidhani ni ushamba. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Baba," nikasema nikitazama ukuta, "ninapeleka cherehani nje. Kazi ni nyingi. Sirudi ndani mpaka saa sita."

Niliiburuta ile cherehani ya miguu hadi verandani, nikafunga mlango. Kitambaa nilikisahau ndani. Basi nikaanza kukanyaga hivyo hivyo, sindano ikishona hewa, ili ajue niko mbali na sisikii kitu. Nikakanyaga. Vidole vilikufa ganzi. Kimya. Nikamwomba Mungu, nikakanyaga tena. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta namba ya teksi niliposikia maji yakivutwa chooni. Baada ya muda yakavutwa tena. Nililaza kichwa juu ya cherehani nikalia, lakini mguu sikuusimamisha.

Mchana huo nikampigia fundi. "Ni ile choo," nikamwambia. Hakucheka, na hilo namshukuru mpaka leo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjiwa ukuta. Alitoboa mlango kutoka chumba alicholala mzee, kilichopakana na choo hicho, akauziba kwa matofali ule uliotazama meza. Mpaka amalize, mimi na cherehani tulihamia verandani, saa baada ya saa. Vumbi lilijaa kwenye vikombe, kwenye unga, kwenye sare za watoto wa watu. Mume wangu alifika Jumamosi akamkuta babake amesimama nyuma ya fundi, akikagua fremu kwa fimbo yake.

"Hapo imepinda," mzee akasema.

"Haijapinda, mzee."

"Imepinda. Mimi nimejenga."

Kweli ilikuwa imepinda kidogo. Fundi akairekebisha, na mzee akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Alipotoka akakaa kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye cherehani. Mume wangu alikuwa nje akimlipa fundi.

"Mama," akaniita. "Leo hakuna chai?"

Nilimwekea kikombe kikubwa, nikaenda kumletea mandazi. Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu, naye ametazama televisheni. Nikapita nyuma yake kama ninayepanga mapazia, nikaingiza mkono kwenye chungu cha maua mpaka chini.

Kikavu.