Taa ya Friji na Mama Hawo

Leo nacheka, lakini siku ile ningeingia chini ya karavani nisitoke tena. Nilikuwa mpishi wa bwana mpima ardhi hapa Garsen, na karavani lake, ile nyumba ya kuvutwa na gari, lilikuwa na friji ya mafuta ya taa. Taa ndogo huwaka chini, juu kukawa baridi. Alfajiri nilikuwa nikiiwasha mwenyewe. Lakini kila nikirudi kutoka kuchota maji mtoni, naikuta imezimwa na maziwa yamechacha.

Upepo? Mlango nilikuwa nikiurudisha vizuri. Basi nikamshuku Mama Hawo, mama wa Kiorma aliyetuletea maziwa saa zile zile. Yakiharibika, si tutanunua mengine? Nikawa namtazama kwa jicho la pembeni, hata kibuyu chake nikakinusa. Mwisho nikamshtaki kwa bwana, mbele ya vibarua.

"Wallahi sijaigusa taa yako," akasema.

"Kesho sisi wote tutaangalia," bwana akaamua.

Kesho yake nikaiwasha, wote wakitazama. Bwana akasema tutoke, tuone nani ataizima. Nikatoka wa mwisho. Sasa, mimi nimelelewa katika nyumba ya nyasi; mama alikuwa akituchapa tukitoka na kuacha moto nyuma. Pale mlangoni penye friji nikainama, fuu! Kisha nikaurudisha mlango vizuri.

Kugeuka, watu wote wananikodolea macho. Mama Hawo akatua kibuyu chake chini.

"Mpishi," akaniuliza, "na hiyo pumzi ni yangu?"