Uwanja wa Changamwe Niliouandika Mtupu

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti, mkasi na onyo. Kiti kilikuwa kimevunjika mguu. Mkasi ulikuwa wa kukatia picha, maana wakati huo picha zilitufikia zikiwa zimesafishwa kwenye karatasi. Onyo lilitoka kwa Mhariri Mkuu, mwanamke mkavu wa maneno ambaye hakuinua macho kunitazama.

"Hapa hatuandiki uongo," aliniambia. "Twakata tu."

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, kwa hiyo nikadhani anatania. Hakuwa akitania. Alikuwa amenieleza kazi yangu yote kwa maneno mawili, na ingenichukua karibu miaka thelathini kuyaelewa.

Vijana wanaoingia kazi hii leo, wenye simu zinazofuta watu kwa kidole, huenda wakadhani sisi tulikuwa waungwana zaidi. Ofisi yetu ya kisiwani ilitengeneza vijitabu vya watalii. Mpiga picha alileta picha, nami nikaziandikia maelezo, yaani ule mstari mmoja wa chini unaomwambia msomaji anatazama nini. Kabla ya maelezo kulikuwa na kukata. Nyaya za umeme zilitoka. Kamba za nguo zilitoka. Mabomba ya moshi ya viwandani yalitoka kabla ya kitu kingine chochote. Picha ya Likoni yenye umati unaongoja feri ilibaki na maji, anga na mnazi mmoja. Mama yangu, mkazi wa Timbwani, hukohuko Likoni, tangu kuolewa kwake, alikishika kijitabu changu cha kwanza akauliza hapa ni wapi. Nikamwambia ni kwake. Akauliza watu wamehamia wapi. Nilicheka, nikaenda kuwasimulia wenzangu ofisini kama kichekesho.

Baadaye nikahamishiwa dawati la wageni Likoni, ambako kwa miaka mitatu nilijibu swali moja tu, nalo ni pwani ya hoteli iko upande gani. Kisha nikapelekwa Kisauni, upande wa bara, nje ya kisiwa, kutafuta vivutio. Nikarudi na ripoti ndefu kuhusu Utange na Mjambere: mafundi wa milango, walimu wa madrasa, bustani za mchicha, wazee wanaojua nyumba ipi ilijengwa na nani. Mkurugenzi wa Masoko aliisoma akiwa amesimama.

"Bara ndiko wanakolala wafanyakazi wa hoteli," alisema. "Mtalii aende kutazama nini, usingizi wao?"

Basi bara ikakatwa, kama bomba la moshi.

Miaka ikapita, viwanda kadhaa vya Changamwe vikafungwa, na mtindo ukabadilika. Wawekezaji walichukua kiwanda kimoja cha mabati kilichokuwa kimelala, wakapaka kuta rangi, wakafungua mkahawa na vyumba vya maonyesho, na ghafla Mkurugenzi yuleyule akatuita mkutanoni kutuambia kwamba Changamwe ina roho. Mji uliofufuka, alisema. Mtalii wa leo amechoka na mchanga, anataka kutu. Lile bomba nililolikata kwa mkasi wangu likawa nembo, likachorwa kwenye fulana na vikombe. Watu waliovuta moshi wake hawakuchorwa popote.

Nikapewa kijitabu cha mradi huo. Kwa wiki nzima nilikwenda Changamwe kila asubuhi, na kila asubuhi nilikula mbaazi na mahamri kwenye uwanja ulio mbele ya lango la kiwanda. Wanawake sita waliuza hapo. Mkubwa wao ni Bi Zuhura, aliyeanza wakati zamu za kiwanda zilipokuwa zikipishana langoni. Kiwanda kilipofungwa yeye hakuondoka, kwa sababu madereva wa malori na mafundi wa gereji za karibu bado walikuwa na njaa. Niliwauliza maswali mengi. Sikuandika hata jibu moja.

Sasa nieleze kosa lenyewe. Mpiga picha wetu alikuwa na desturi aliyorithi kwa aliyemtangulia: mtaa wa bara upigwe Ijumaa, wakati wa swala, kwa kuwa ndipo njia huwa nyeupe na hakuna anayekuuliza unapiga nini. Tulifanya hivyo miaka yote. Ijumaa hiyo wale wanawake walifunika vyombo vyao, wakaingiza mabenchi nyuma ya ukuta wa msikiti, wakaufagia uwanja kama walivyoufagia kila Ijumaa, wakaenda zao. Mpiga picha akapanda ngazi. Aliyemshikia ngazi hiyo, huku khutba ikisikika waziwazi, ni mimi, mtoto wa Timbwani niliyelelewa chuoni kwa Kurani.

Picha ilitoka safi. Nikaiandikia: "Uwanja mtupu nje ya kiwanda cha zamani, ukisubiri wageni." Ilinichukua chini ya dakika moja. Hilo neno "ukisubiri" lilinipendeza hata nikamsomea Mhariri Mkuu, ambaye alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu. Akaitikia kwa kichwa, akaipitisha.

Kijitabu kilikuwa kimekwisha kuchapwa Bi Zuhura alipokuja ofisini. Alikuwa amevaa buibui la kutokea, na mkononi ana barua ya mradi. Wauzaji waliokutwa uwanjani, barua ilisema, wangepewa vibanda ndani ya kiwanda kilichokarabatiwa. Lakini kumbukumbu za mradi, pamoja na kijitabu chake rasmi, zaonyesha kuwa uwanja ulikuwa mtupu. Kwa hiyo hakuna wa kupewa, na walio hapo waondoke.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Ni wewe uloandika haya?" Alikuwa amekifungua kijitabu kwenye ukurasa wenyewe.

"Ni mimi."

"Zile mbaazi zangu, ulizilia wapi?"

Nikasema uwanjani.

"Kumbe wajua."

Nikaanza kumweleza jinsi kazi yetu inavyokwenda, kwamba maelezo huifuata picha, kwamba picha hutegemea mwanga. Nilieleza vizuri sana, kama msomi. Aliningoja nimalize.

"Mwanangu, mie sikuja kusomeshwa. Andika kuwa tupo."

Nikapanda kwa Mkurugenzi. Nikamwambia picha ilipigwa Ijumaa saa saba.

"Kwani Ijumaa si siku?" alisema.

Nikaomba karatasi ya masahihisho, kile kipande kidogo ambacho mchapaji hukipenyeza ndani ya kijitabu kurekebisha kosa. Tuliwahi kuichapa mara moja, kwa sababu herufi moja ya jina la mwenye hoteli ilikuwa imekosewa. Siku ile mashine zilizunguka kutwa na Mkurugenzi mwenyewe alisaidia kupenyeza. Safari hii aliniambia nisiwe mtu wa hisia.

Niliandika barua yangu mwenyewe. Nikataja siku, saa na majina ya wanawake sita, nikaweka sahihi, nikaenda kuisoma mbele ya Meneja wa Mradi kwenye mkutano wa wakazi. Alinishukuru kwa mchango wangu. Jumatatu iliyofuata mabenchi yalipakiwa kwenye lori.

Niliomba kustaafu mapema, na ofisi ikanikubalia upesi kuliko heshima yangu ilivyopenda. Wenzangu walinipa saa ya ukutani. Tangu hapo naalikwa mara kwa mara na vijana wa kazi hii kujadili kama Changamwe yastahili kusifiwa kuwa mahali pa kutembelea. Wananitegemea niseme kwa upole, kama mstaafu. Siwezi. Mji ule ulikuwa hai kabla ya rangi, na waliokuwa wakiulisha ndio waliofukuzwa ili uonekane umefufuka. Ndani ya kile kiwanda leo wanauza mahamri mawili juu ya ubao na kuyaita kiamsha kinywa cha mfanyakazi. Kibanda cha Bi Zuhura kingekuwa hatua kumi kutoka hapo. Anayetaka kusifu hayo asifu, ila asiniombe nimwandikie mstari wa chini.

Bi Zuhura sasa yuko ng'ambo ya barabara, upande wanakoegesha malori ya mafuta, kwenye vumbi, yeye na wawili kati ya wale wenzake watano. Mimi huenda kula kwake kila Jumanne. Hajanisamehe, wala hajaniambia nisiende. Huwahudumia madereva wote kwanza, hata waliofika baada yangu, kisha hunipa sahani. Kwa hiyo mgeni akiniuliza kama aende Changamwe, namwambia aende, ale kwake, akae hapo hadi sahani iishe. Nami namsihi asiseme nani kamwelekeza, la sivyo atapewa zile mbaazi zilizoshika chini ya sufuria, ambazo ndizo zangu.