Siku Jenereta Ilipowaka Mpumudde

Enzi zetu pale Mpumudde, Jinja, mtoto aliyejua kuhesabu hadi mia mbili alikuwa na kazi. Baba alikuwa fundi wa kusuka mota za mashine za kusagia, na sisi mabinti zake tulimhesabia mizunguko ya waya wa shaba kwa sauti, huku tukitafuna muwa na kunusa vanishi aliyoipaka kwenye koili, yaani waya uliokwisha kusukwa. Ukikosea hesabu, mota itaungua na wewe utanyang'anywa muwa. Watoto wa siku hizi hata kumi na saba wanaiuliza simu!

Mwaka wa vita, asubuhi moja, wanajeshi wakashusha jenereta mbele ya nyumba yetu. Injini ilinguruma vizuri, lakini balbu waliyoifunga haikuwaka. Afande akamwelekezea baba bunduki.

"Wewe fundi, mimi nataka moto sasa hivi. Kama hapana moto, napiga wewe risasi."

Mama alikaa chini palepale. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

"Afande, haijafa," baba akasema. "Imekaa sana bila kuzungushwa, sumaku imeisha ndani. Leta betri ya gari."

Wakaleta. Injini ikinguruma, baba akasema bismillahi, akagusisha waya za betri kwenye koili mara moja tu, akazitoa upesi. Balbu ikawaka, nyeupe pe! Sikuamini macho yangu. Furaha ikanipanda kichwani, nikaruka mbele ya wale wanajeshi nikipiga makofi: "Hakuna mashine inayomshinda baba yangu!"

Afande akashusha bunduki, akanitazama, akacheka. "Hakuna? Basi huyu tunaenda naye Mbale."

Wakampandisha baba kwenye lori pamoja na jenereta, bisibisi bado iko mkononi. Sikulia.

Vita vilipokwisha na maduka kufunguliwa tena, mama alikwenda kumtafuta. Jenereta aliikuta Nakaloke, karibu na Mbale, ikiwasha taa za mfanyabiashara aliyeinunua kwa wanajeshi waliokuwa wakikimbia. Habari za baba hakuna aliyekuwa nazo, hadi leo.

Sasa wajukuu wangu huweka picha za baba yao kwenye simu, wakamsifu mbele ya dunia nzima, na jioni anarudi nyumbani kama kawaida. Nawaonea wivu. Mimi baba yangu nilimsifu mbele za watu mara moja tu.